Bango lisilo na shujaa

Tarehe 2 Septemba 1972, John Akii-Bua wa Uganda alipangiwa njia ya kwanza katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich. Ni njia ya ndani kabisa, na wakimbiaji wa mbio hizo hawaipendi kwa sababu kona zake ni kali. Sekunde 47.82 baada ya mlio wa bastola alikuwa bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi mpya ya dunia. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa akiishikilia rekodi ya zamani, alimaliza wa tatu.

Katika picha za siku ile macho humfuata Akii-Bua, na ndivyo inavyostahili. Lakini kulikuwa na kazi nyingine ya kiwango cha dunia mjini mle, ambayo watu waliipita kila saa bila kuulizana ni ya nani. Ilikuwa kwenye bendera za mapambo, vibao vya njia, tiketi, vitabu vya ratiba na mavazi ya wahudumu: samawati hafifu, kijani, chungwa na fedha, na herufi za ukoo mmoja kila mahali. Aliyeiongoza alikuwa Otl Aicher, msanifu michoro wa Kijerumani.

Usanifu wa michoro wa mkondo wa usasa, ule uliokomaa Ulaya kati ya miaka ya 1920 na 1970, una sifa ya ubaridi. Mtu huona nafasi tupu, herufi nyoofu zisizo na vijimkia, hakuna ua wala nakshi, akadhani msanifu aliishiwa mawazo au alibana wino. Anayetaka kuupima upya hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko mabango ya Munich. Mengi yaliyoachwa nje ya mabango yale yaliachwa kwa sababu nzito kuliko urembo, na aliyeyaacha alikuwa amezilipia sababu hizo katika maisha yake.

Aicher alizaliwa Ulm mwaka 1922. Alipokataa kujiunga na Vijana wa Hitler alinyimwa ruhusa ya kufanya mtihani wa kumaliza sekondari. Rafiki zake wa karibu walikuwa watoto wa familia ya Scholl ya mji huohuo. Wawili kati yao, Hans na Sophie, waliingia katika kundi la siri la Waridi Jeupe, lililoandika vipeperushi vya kuwataka Wajerumani waupinge utawala wa Wanazi. Vipeperushi hivyo vilipigwa taipu, vikarudufiwa kwa mashine, vikatumwa kwa posta au kuachwa mahali penye watu. Tarehe 18 Februari 1943 ndugu hao walikamatwa wakivisambaza katika Chuo Kikuu cha Munich. Siku nne baadaye waliuawa kwa gilotini, katika mji huohuo. Aicher mwenyewe alitoroka jeshini mwaka 1945 na kujificha kwa familia hiyo. Mwaka 1952 alimwoa dada yao, Inge.

Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa sura ya Olimpiki ya Munich mwaka 1967 alijua vizuri karatasi iliyochapwa inaweza kumgharimu nini aliyeishika mkononi.

Alijua pia jinsi dola ile ilivyoitumia michoro. Olimpiki ya Berlin ya 1936 ilifanyika mjini mlimotundikwa vitambaa vyekundu vya swastika. Hata herufi hazikuponyoka siasa: mwanzoni Wanazi walizitukuza herufi za kale za Kijerumani zenye pembepembe, ziitwazo Fraktur, kuwa alama ya taifa, kisha Januari 1941 wakageuka na kuzipiga marufuku kwa waraka uliodai kwamba ni za Kiyahudi. Waliozaliwa Ujerumani miaka ya 1920 walikua wakiona rangi na herufi zikitolewa amri kama askari.

Ndiyo maana palete ya Aicher isomwe kama tamko. Nyekundu na nyeusi ziliondolewa, kwa sababu zilikuwa rangi za Wanazi. Dhahabu nayo iliachwa kwa kuwa inanuka fahari ya watawala. Zilizobaki zilichotwa katika mandhari ya Bavaria, kwenye maziwa, malisho na anga la milima ya Alps: samawati ikitangulia, halafu kijani, fedha, manjano na chungwa. Waandaaji walitaka michezo ya furaha, na Aicher alitafuta jinsi ya kuionyesha furaha hiyo bila kupiga tarumbeta. Uwanja wenyewe, uliosanifiwa na Günter Behnisch na wenzake na kufunikwa na mapaa mepesi ya mfano wa hema aliyoshiriki kuyabuni Frei Otto, ulikaa kando ya kilima kilichorundikwa kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu ya vita.

Mabango yenyewe yanahitaji kutazamwa taratibu. Kila mchezo kati ya michezo 21 ulipewa bango lake. Kikosi cha Aicher kilichukua picha halisi za wanamichezo, kikazipunguza hatua kwa hatua hadi vivuli vyote vikabaki mabaka machache bapa yenye mipaka mikali, kisha kila baka likapewa rangi moja kutoka kwenye palete. Kinachobaki ni mwendo. Mtu anaona mgongo uliopinda, maji yanayopasuka, kwato zilizonyanyuka juu ya kiunzi, lakini hawezi kusema huyu ni nani wala anatoka wapi. Uso ni doa la rangi. Ngozi inaweza kuwa ya kijani au ya buluu. Hakuna bendera, hakuna medali, hakuna bingwa anayetazama mbali kwa kidevu kilichoinuliwa. Maandishi ni machache sana: jina la mji na mwaka, pamoja na pete tano na nembo ya miale inayozunguka, ambayo Coordt von Mannstein aliikamilisha kutokana na wazo la kwanza la Aicher.

Bango la michezo lisilo na shujaa ni jambo gumu kulifanya. Mashindano ya mataifa huomba mashujaa, na mchapaji yeyote anajua kwamba uso wa mtu maarufu huuza. Aicher alijinyima silaha hiyo, akabaki na umbo, rangi na nafasi, na bado mabango yake yanavuta jicho kutoka ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo ustadi ulipo. Akii-Bua, mkimbiaji wa Kenya Kipchoge Keino na mtoto wa jirani anayekimbia kwenda shule wanaweza kujiona katika bango lilelile.

Isidhaniwe kwamba rangi ziliizuia siasa isiingie mlangoni. Siku nne kabla ya ufunguzi, mataifa ya Kiafrika yalipotishia kujiondoa kwa sababu ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga kura 36 dhidi ya 31 na kuiondoa Rhodesia mashindanoni. Bango haliwezi kufanya kazi ya kura. Linachoweza ni kuonyesha ni watu wa aina gani wanaokaribishwa, na yale ya Munich yalimkaribisha kila mtu kwa kipimo kimoja.

Wageni walitoka mataifa 121, na wengi hawakujua Kijerumani. Tatizo hilo lilikuwa limekwisha kushughulikiwa Tokyo mwaka 1964, kwa kuwa Wajapani walijua wageni wao wasingeweza kusoma hata neno moja la Kijapani. Mkosoaji Katsumi Masaru aliwakusanya wachoraji vijana wakatengeneza alama za picha kwa kila mchezo na kila huduma, na wachoraji hao wakaachia haki zao ili alama ziwe mali ya watu wote. Kitendo hicho cha ukarimu kinatajwa mara chache mno. Aicher alijifunza kutoka Tokyo, halafu akafanya jambo ambalo Wajapani hawakulifanya: aliipa miili yote sarufi moja. Kichwa ni duara. Kiwiliwili, mikono na miguu ni mistari minene yenye ncha za mviringo. Viungo vinaruhusiwa kulala, kusimama wima au kuinama kwa nyuzi 45, basi. Kwa kanuni hizo chache, mchoraji wake Gerhard Joksch aliweza kumchora mpiga makasia, mcheza vitara na mnyanyua vitu vizito, na mtazamaji akawatambua papo hapo.

Maandishi yote yaliwekwa kwa Univers. Herufi hizi zilichorwa na Adrian Frutiger, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Paris, na zikatolewa na kiwanda cha herufi cha Deberny & Peignot mwaka 1957. Mwaka huohuo kiwanda cha Haas, karibu na Basel, kilitoa herufi ambazo baadaye zilipewa jina la Helvetica. Helvetica ndiyo iliyopata umaarufu, ikaingia kwenye kompyuta za dunia nzima. Univers ndiyo kazi kubwa zaidi.

Sababu ni hii. Kabla ya Frutiger, ukoo wa herufi ulikua kama nyumba inayoongezwa vyumba kila fedha inapopatikana: herufi ya kawaida ikiuzika, inaundwa nene, nene ikiuzika, inaundwa nyembamba, pengine na mkono mwingine kabisa. Frutiger alipanga aina 21 kwa pamoja kabla ya kutoka hata moja. Akaacha majina na kuzipa namba: tarakimu ya kwanza inaonyesha unene wa mstari, ya pili upana na mwinamo. Katikati ya ramani hiyo kuna Univers 55, herufi ya kusoma kwa utulivu, na kuizunguka wamo ndugu zake wote. Ukichanganya nene na nyembamba kwenye ukurasa mmoja, haziparurani. Ukiikaribia herufi yenyewe utagundua kwamba mistari ya kulala ni myembamba kidogo kuliko ya kusimama, kwa kuwa jicho la binadamu huona mstari wa kulala kuwa mnene hata kama vipimo ni sawa. Herufi inayoonekana kuwa imepigwa rula tupu kumbe imerekebishwa kwa jicho, nywele kwa nywele.

Aicher aliitumia kwa ukarimu uleule katika tiketi ya mlango wa nyuma na katika bango kubwa la mjini. Hili ni la kumsifu kuliko yote. Desturi iliyozoeleka ni kwamba bango hupewa msanii, na kibao cha choo hupewa yeyote aliye karibu na ndoo ya rangi. Munich haikuwa na daraja hilo.

Hata mzaha ulikuwa na nafasi yake. Munich ndiyo iliyoleta mnyama rasmi wa kwanza wa Olimpiki za kiangazi: Waldi, mbwa mrefu mwenye miguu mifupi, aliyechorwa mwilini michirizi ya rangi zilezile za palete. Njia ya mbio za marathoni ilipangwa kwenye ramani ya mji ikafuata umbo la mbwa huyo.

Lawama kali zaidi dhidi ya usanifu wa namna hii ilitoka ndani ya nyumba. Jan Tschichold, msanifu wa herufi mzaliwa wa Leipzig, aliandika mwaka 1928 kitabu kilichokuwa mwongozo wa taipografia mpya: herufi zisizo na vijimkia, mpangilio usiolingana pande mbili, picha badala ya nakshi. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 walimkamata, naye alipoachiwa akakimbilia Basel. Huko, kadiri miaka ilivyopita, akaanza kuikana imani yake. Mwaka 1946, katika ugomvi wa hadharani na Max Bill, alisema kwamba ukali wa mafundisho yale na kutovumilia kwake njia nyingine vilifanana mno na kiu ya Wajerumani ya amri na nidhamu ya kijeshi. Bill, ambaye miaka michache baadaye angeanzisha pamoja na Inge Scholl na Aicher chuo cha usanifu cha Ulm, ndiye aliyekuwa amemshambulia kwanza.

Tschichold hapaswi kupuuzwa. Alikuwa ameonja jela. Na ni kweli kwamba kanuni zile, zilipoangukia mikononi mwa wasio na subira, zilizaa majengo ya ofisi na nembo za makampuni zisizo na tofauti kutoka bara moja hadi jingine. Lakini alichokosea ni kudhani kwamba kanuni kali lazima izae kazi iliyokufa. Mwanamke yeyote wa pwani angeweza kumjibu. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na hakuna anayeuvunja mpangilio huo. Jina hukaa mahali pake, kwa herufi kubwa zisizo na madoido, ili lisomwe na apitaye. Ndani ya mipaka hiyo zimechorwa kanga zisizohesabika, na hakuna anayezilalamikia kuwa baridi. Aicher naye aliweka rangi chache, ukoo mmoja wa herufi na gridi ya kupangia, kisha akawaachia wasaidizi wake wacheze humo. Ndiyo maana vitabu, bendera na mabango ya Munich vinatambulika kuwa ndugu wala havikufanana kama sare.

Lawama ya pili ni ya maumivu. Alfajiri ya Septemba 5, Wapalestina wenye silaha wa kundi la Septemba Nyeusi waliingia katika kijiji cha wanamichezo na kuwateka wanamichezo na makocha wa Israel. Hadi usiku wa kuamkia tarehe 6, Waisraeli 11 na polisi mmoja wa Kijerumani walikuwa wamekufa. Walinzi wa ndani ya viwanja hawakuvaa sare za kipolisi wala kubeba bunduki. Ulegevu huo ulitoka katika nia ileile iliyozaa rangi za samawati, yaani kuifanya Ujerumani isiogopwe tena. Wapo walioona baadaye kwamba furaha ile ya michoro ilikuwa pazia. Hukumu hiyo si ya haki. Uamuzi wa ulinzi ulifanywa na waliokuwa na dhamana ya ulinzi. Michoro ya Aicher ilisema nchi hii inatamani kuwa nini, na tamanio hilo halikuwa uongo kwa sababu tu watu wenye bunduki waliruka uzio. Michezo iliendelea baada ya ibada ya maombolezo, na Septemba 10 Wakenya Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walishinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, katika uwanja wenye rangi zilezile.

Alama za Munich zilitumika tena Montreal mwaka 1976. Huko Marekani, mwaka 1974, Wizara ya Uchukuzi na chama cha wasanifu michoro walitoa kundi lao la alama za vituo vya usafiri, zikiwamo za mwanamume na mwanamke mlangoni mwa choo, ambazo leo msafiri wa Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe anazisoma bila kujua kwamba anasoma. Si kila aliyekuja baadaye aliheshimu njia hii. Paris mwaka 2024 waliondoa mwili wa binadamu kwenye alama za michezo, wakaweka vifaa na mistari ya viwanja vilivyopangwa kama ngao za koo za kale. Ni michoro ya kupendeza kwenye fulana. Kama alama za kumwonyesha mgeni mlango, nyingi zilimlazimisha asome maandishi ya pembeni.

Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kwa ukaribu. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 zimepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Watakuja watu wanaosema Kiarabu, Kifaransa na Kireno, na wengine wengi wasiosema lolote kati ya Kiingereza na Kiswahili, nao watavuka mipaka kutoka Kasarani kwenda Namboole, Arusha na Temeke. Aicher alianza miaka mitano kabla. Hapa muda ni mfupi kuliko huo, hivyo kinachohitajika si shindano jingine la kuchora nembo. Inahitajika ofisi moja ya wasanifu kwa nchi zote tatu, yenye mamlaka juu ya vibao, tiketi, ramani na mabango, ili mshabiki aliyejifunza alama ya mlango wake Nairobi aikute ileile Kampala. Herufi zichaguliwe na mtu anayejua urefu wa vitenzi vya Kiswahili, maana kibao kilichopimwa kwa Kiingereza hakitoshi kuandikwa "Hairuhusiwi Kuegesha Magari" bila herufi kubanwa hadi zisisomeke kutoka ndani ya basi.

Wala hakuna aibu ya kuazima. Munich ilijifunza kwa Tokyo, na Montreal ikachukua michoro ya Munich. Wachoraji wa Kariakoo, River Road na Nasser Road, wanaochora na kuchapa mabango ya siku hizi kwa kasi ya ajabu, wanaweza kuongeza rangi na mkono wao juu ya msingi huo wakiitwa mapema na kulipwa ipasavyo. Kazi ya kwanza ni ndogo na inaweza kufanywa wiki hii: mtu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza atembee peke yake kutoka kituo cha daladala hadi kiti chake ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kila mahali atakapolazimika kusimama na kuuliza pawekwe alama kwenye ramani.